Kwake na kwa Wenzake

Jumanne, 10 Julai

Mvua ya kwanza imepiga kitongoji chetu cha Pikine leo adhuhuri, na kufikia alasiri maji yameshaingia chumba cha marehemu mama. Hayapigi hodi. Nimeinua kabati juu ya matofali, masanduku ya kaseti na diski nimeyapandisha juu ya kabati, kisha nikakimbilia redioni na miguu ya tope. Mvua inyeshe isinyeshe, kipindi kinaanza saa kumi na moja.

Leo nilimpima kijana mmoja wa Thiaroye. Utaratibu ni uleule wa miaka sita: kwanza wimbo kutoka albamu yake mwenyewe, halafu ubeti alioshirikishwa kwenye wimbo wa mtu mwingine, kisha wasikilizaji wanapiga simu kusema aling'ara wapi. Ndiyo maana kipindi kinaitwa Kwake na kwa Wenzake. Kijana alishinda kwa wenzake. Karibu wote hushinda kwa wenzake. Sijui marapa hawa wana ugonjwa gani.

Nimekula mkate na samaki wa kopo nikiwa nimesimama. Kiti kiko majini.

Alhamisi, 12 Julai

Birane amekuja. Alivua viatu mlangoni, akaruka tofali hadi tofali mpaka kitandani, na hata salamu hajatoa akaanza.

"Nyie kina Diop bwana! Maji mmeshindwa kuyafukuza, au mnayafuga mpate ya kupikia wali?"

"Ndiaye akiona maji anadhani ni mchuzi," nikamjibu. "Kaa huko. Na usiuloweshe mkeka, una thamani kukuzidi."

Mimi Diop, yeye Ndiaye. Tumezaliwa watani, majina ya koo zetu yalishatupa ruhusa ya kutukanana, hasa kuitana walafi wa wali, kabla hatujajua kusema. Akinitukana sina haki ya kununa, nikimtukana naye hana. Tumeendesha hivyo miaka ishirini na miwili, tangu kundi letu la shuleni, nilipokuwa bado nachana mistari mwenyewe. Kaka zangu walihamia Keur Massar baada ya arobaini ya mama. Walisema hii si nyumba, ni bwawa, na mimi nikabaki na bwawa langu. Tangu hapo mguu pekee unaoingia humu masika ni wa Birane, kila Alhamisi, na majani yake ya chai mfukoni. Tunakunywa raundi zote tatu, tunatukanana, anaondoka.

Leo alikuwa na habari. Albamu imekwisha, nyimbo kumi na tisa. Cherehani amemwachia binamu yake tangu mwezi wa tatu ili aimalize.

"Ya kwanza ilikufa, Khoudia. Miaka tisa sasa. Hii nayo ikifa, naenda Touba kwa mjomba kuuza vitambaa, na sitaandika tena hata mstari wa harusi."

"Touba watakufukuza. Utawamalizia wali."

"Sikiliza wewe." Akanipa flashi. "Inakwenda kuchapwa tarehe moja Septemba. Mpaka siku hiyo naweza kubadili chochote. Unieleze ukweli."

Ijumaa, 13 Julai

Sijasikiliza. Naogopa.

Jumapili, 15 Julai

Nimesikiliza zote kumi na tisa, mara mbili, tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nimeandika daftarini kama ninavyofanya kila wiki, huku nikiomba niwe nimekosea.

Wimbo wa kwanza, dakika sita: anajitambulisha. Wa pili: anajitambulisha tena, safari hii kwa kinanda. Wa nne anasema, "Mimi ndimi Birane, muulize Birane, atakwambia Birane." Jamani! Wa saba anawashukuru watu thelathini na mmoja. Mimi ni wa ishirini na sita, nyuma ya fundi pikipiki. Wa kumi na mbili anamwimbia mama yake. Mama Birane namfahamu, ana ulimi kama wembe, aliwahi kumfukuza imamu jikoni kwa mwiko. Lakini kwenye wimbo ni mama mwema anayelia na kuomba dua, mama wa mtu yeyote. Angesikia mwenyewe angeuliza ni nani huyo.

Kisha nikauweka ule ubeti alioshirikishwa na Ndella, binti wa Rufisque, mwaka juzi. Ndella anachana habari za mama yake muuza samaki, jinsi alivyosimama sokoni mpaka miguu ikavimba. Anapofika "na hakuna aliyemwona," Birane hamwachi hata avute pumzi. Anaingia: "Mimi nilimwona." Amejifanya mteja. Anabishana bei, anampunja yule mama, anarudi nyumbani na furaha yake, anakaa kula.

"Nilikupunja mama, nikajiona mjanja,
tonge limesimama, koo linakataa kufunguka."

Mistari kumi na sita, basi, ametoka. Nimeusikia ubeti huo mara mia na leo nimelia tena, miguu juu ya kitanda, maji chini.

Mtu yuleyule, sauti ileile. Nadhani nimelielewa tatizo. Kwa wenzake huingia akiwa ameshasikiliza. Kuna mtu amesema jambo, naye analidaka, analipinga, analiendeleza. Kwake hakuna aliyesema kitu, kwa hiyo anajijaza mwenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Albamu yake ni mtu aliyejifungia chumbani anajiongelesha.

Jambo hilo halirekebishwi kwa mitambo. Lakini wiki sita zipo. Alhamisi nitamwambia.

Alhamisi, 19 Julai

Nilimwambia? Thubutu!

Aliuliza, nikasema bado nasikiliza. Akasema masikio ya kina Diop yamejaa wali ndiyo maana hayapitishi muziki. Tulicheka. Mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunapiga kelele. Raundi ya tatu, ile ya sukari nyingi, akasema, "Basi nipime kipindini. Hadharani, kama unavyowapima wengine. Sitaki upendeleo." Nikakubali haraka. Hewani ni rahisi kuliko uso kwa uso, hapo huwa sioni macho ya mtu.

Jumanne, 24 Julai

Mvua. Pampu ya mtaa ya kunyonya mafuriko imeharibika.

Jumatano, 1 Agosti

Maji yamefika tofali la pili. Nalala na redio imewashwa ili kuwe na mtu anayeongea.

Jumanne, 7 Agosti

Nimefanya kosa la kipumbavu, na nimelifanya kwa sentensi ya kwanza.

Niliandaa kila kitu. Karatasi tatu, kila neno nimelipima, hakuna tusi, hakuna mzaha. Taa nyekundu ikawaka, nikafungua mdomo, na mazoea ya miaka yote yakaongea kabla yangu: "Wasikilizaji, leo namleta mtani wangu Birane Ndiaye, mla wali mkuu wa Pikine."

Basi! Mzee Sarr, mkuu wa kituo, alikuwa ameshaanza kucheka nyuma ya kioo. Nikasoma karatasi zangu. Nikasema albamu haina mtu mwingine ndani yake zaidi ya mwenye albamu. Nikapiga ule wimbo wa nne, kisha ubeti wa muuza samaki, nikasema tazameni, mtu huyu akiwa kwa wenzake ana masikio, akiwa kwake ana mdomo tu. Simu zikamiminika.

"Diop, umemkomesha!"

"Mimi naitwa Ndiaye, nipo Guédiawaye, nadai kisasi wiki ijayo! Diop gani ana haki ya kuongelea mdomo wa mtu, wakati wao midomo yao haijawahi kuwa mitupu?"

Nikasema, "Wasikilizaji, sitanii." Wakacheka zaidi, kwa sababu ndivyo mtani anavyosema. Nikarudia, nikaisikia sauti yangu mwenyewe inachekesha. Ningekuwa na jina la ukoo usio na utani na Ndiaye, Fatou Sow au Aminata Ba, mji mzima ungenyamaza na kusikiliza.

Birane alinipigia kabla sijavua vipokea sauti. Alikuwa anahema.

"Umeniua! Nimecheka mpaka nimekaa chini. 'Akiwa kwake ana mdomo tu'! Siku ya uzinduzi nataka ufungue wewe, maneno hayohayo, mbele ya watu."

"Birane, yale niliyosema..."

"Usipunguze hata moja!"

Akakata. Nimerudi nyumbani, nimekaa, sijawasha taa.

Alhamisi, 9 Agosti

Mama Yacine, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amenisimamisha kwenye foleni ya bomba la maji. "Mlituchekesha juzi, wallahi. Mume wangu alitema chai." Watu wote nyuma yangu wakacheka. Mjini nina jina la mchekeshaji, na sijawahi kuwa mpweke hivi.

Birane alikuja, akayarudia maneno yangu moja baada ya jingine kwa sauti yangu. Ananiiga vizuri. Nikajaribu tena: "Ule wimbo wa mama yako, yule si mama yako." Akajipiga paja. "Hilo nalo liweke!"

Alhamisi, 16 Agosti

Nimejaribu tena. Nimesema, "Nyimbo kumi na nne zitoe." Akasema Diop akipewa bakuli la watu kumi na tisa huwaondoa kumi na nne ale mwenyewe. Ilikuwa nzuri sana, nikacheka. Ndilo tatizo langu, nacheka.

Jumatano, 22 Agosti

Tabaski, Idi ya kuchinja. Kaka zangu walisema niende Keur Massar, lakini barabara imekatika kwa maji, na nadhani walifurahi kiasi, maana wake zao hawanipendi. Nimewapigia wote, nimeomba msamaha kama inavyopasa siku hii, nimesamehewa kwa haraka.

Saa tisa mchana mpwa wa Birane alileta kifurushi, karatasi ya kumetameta na utepe. Ndani mlikuwa na mfupa mmoja uliokwanguliwa mpaka mweupe, na barua: "Kwa Diop. Nyama tumekula sisi wenye hadhi." Chini ya mfupa, ndani ya karatasi ya pili, mguu mzima wa kondoo umeshachomwa, bado wa moto.

Nimekula mpaka nikashindwa. Kisha nikafikiria tarehe moja. Nikimwacha achape, ataanguka mbele ya watu, ataenda Touba, Alhamisi zangu zimekwisha. Nikimweleza akanielewa, huenda akanichukia, Alhamisi zangu zimekwisha vilevile. Tofauti ni kwamba akienda Touba hataandika tena. Ule ubeti wa mteja wa samaki hautapata ndugu.

Jumanne, 28 Agosti

Nimepiga nyimbo za zamani. Mzee Sarr amesema nimepooza.

Alhamisi, 30 Agosti

Niandike yote, nisije baadaye nikayapamba.

Alikuja saa kumi, mvua ndogo. Alibeba karatasi ya tangazo la uzinduzi, uso wake mkubwa na jina lake kubwa zaidi. Akawasha jiko, akapanga bilauri, akaanza: "Khoudia Diop, umeshakonda kwa njaa au..."

"Birane. Leo hakuna Diop humu ndani."

"Amekwenda kula wapi?"

"Naapa kwa kaburi la mama. Sikutanii."

Hatuapi kwa makaburi katika utani. Akaiweka birika juu ya makaa polepole.

Nikasema. Nilisema albamu ni mbaya, neno hilohilo, mbaya. Nikasema yeye ndiye bora kuliko wote niliowapima miaka sita, lakini ubora wake unatokea akiwa na mtu wa kumsikiliza, na kwenye nyimbo zile kumi na tisa hakumsikiliza hata mmoja. Nikasema mama yake hayumo, mtaa wake haumo, hata maji haya hayamo. Nikasema bado siku moja ipo, azuie, aanze upya, awaite watu waingie. Nilisema yote bila kumwangalia, nikayaangalia makaa.

Birika ikachemka na kumwagika, akamimina raundi ya kwanza.

"Kwa hiyo yale ya hewani."

"Hayakuwa utani."

"Watu walipocheka?"

"Nilisema sitanii. Hukusikia."

"Nilisikia. Nilicheka." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Na yale ya nyuma? Mwaka jana ulisema nachana kama mshenga anayedai nauli. Nilienda kuwahadithia watu. Ulimaanisha?"

Nikachokoa makaa. Nilimaanisha kidogo.

"Na tulipovunja kundi, ukasema bila wewe mimi ni nusu ya wimbo?"

"Birane..."

"Miaka ishirini na miwili, Khoudia. Nilikuwa navumilia kwa sababu ni mtani. La, hata sikuwa navumilia, nilikuwa nafurahi. Nilikuwa najivunia, kwamba yupo mtu anaweza kunivua nguo na mimi nikacheka. Sasa nirudi nyuma nikachambue? Hili alinitania, hili alinidharau?"

Nilitaka kumwambia hakuna hata moja la dharau. Lakini nilishaapa kwa kaburi, na mtu aliyeapa hawezi kuanza kuchagua.

Hakuondoka kwa hasira. Laiti angeondoka! Alipika raundi ya pili, akanipa bilauri yangu, akanywa yake. Akapika ya tatu. Kisha akasimama, akavaa viatu humohumo ndani ya maji, akasema, "Asante kwa chai." Chai ilikuwa yake, na makaa yake. Hajawahi kunishukuru kwa kitu chochote tangu tujuane.

Tangazo amelisahau kitandani. Nimeligeuza uso chini.

Jumamosi, 1 Septemba

Sijui kama imekwenda kuchapwa. Nimempigia mara mbili.

Alhamisi, 6 Septemba

Hakuja.

Alhamisi, 13 Septemba

Hakuja. Mvua kubwa, na umeme umekatika. Mama Yacine ameniita nikale kwao, nikanawa mikono, nikakaa kwenye bakuli pamoja na watoto wake sita. Mdogo aliuliza kwa nini yule mjomba wa matofali haji siku hizi. Nikasema ana kazi.

Alhamisi, 20 Septemba

Hakuja. Nimechemsha chai mwenyewe. Raundi moja, inatosha.

Jumatatu, 24 Septemba

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, na miaka sita nimekuwa nawaambia watu wapi waling'ara na wapi hawakung'ara, halafu narudi nyumbani ambako hakuna wa kunijibu. Mtu aliyejifungia chumbani anajiongelesha. Niliandika hivyo mwezi wa saba nikidhani naandika juu yake.

Jumanne, 25 Septemba

Ndella amepita redioni kuleta wimbo wake mpya. Msichana wa kucheka, mrefu, haogopi mtu.

"Dada Khoudia, ulimfanya nini kaka Birane?"

"Kwani vipi?"

"Amefuta uzinduzi. Albamu yote ameitupa, amebakiza mdundo mmoja tu. Alikuja kwetu Rufisque, akakaa na mama sokoni siku tatu, hasemi kitu, anasikiliza. Mama akadhani mtu wa kodi! Sasa ametuita wanne, tunarekodi kwake. Mmoja akimaliza ndipo mwingine anaandika. Haruhusu mtu aje na mistari kutoka nyumbani."

"Na yeye?"

"Yeye anaandika wa mwisho. Wallahi, dada, anatisha."

Nimekwenda chooni kulia. Kwa furaha, nadhani, lakini haikukaa kama furaha.

Jumapili, 7 Oktoba

Siku ya tano bila mvua. Maji yameacha mstari mweusi ukutani, usawa wa goti.

Jumanne, 9 Oktoba

Wimbo mmoja wa Birane umevuja, na mji mzima unao kwenye simu. Humo ndani yumo mama yake, mwenyewe hasa, na mwiko. Wiki ijayo nampima.

Jumatatu, 15 Oktoba

Nimeshinda mchana kutwa nikitunga tusi. Nimefika la kumi na moja, kuhusu Ndiaye aliyekaa sokoni siku tatu akingoja samaki wa bure. Ni zuri. Atalipenda.

Jumanne, 16 Oktoba

Albamu mpya ya Birane, aliyoniletea Ndella: nyimbo tano, dakika ishirini na mbili. Nilizipiga zote, sikupiga kitu kingine, kwa sababu safari hii kwake na kwa wenzake pamekuwa mahali pamoja. Sikumwita mtani. Nilisema "Birane Ndiaye," jina kamili, na nikasema ni kazi bora niliyopata kuipiga katika chumba hiki. Hakuna aliyecheka. Mwanaume mmoja akapiga simu akasema amesimamisha gari pembeni mpaka ziishe.

Nilipotoka studio nikamkuta ukumbini. Alikuwa amekuja mwenyewe kumletea Mzee Sarr nakala yake ya diski. Kanzu mpya, amenyoa. Nilijisikia kama msichana. Nikapaza sauti ili watu wote wasikie, kama zamani:

"Nani amemruhusu huyu mla wali aingie humu? Sokoni siku tatu, samaki wa bure umepata?"

Mzee Sarr akacheka. Wale mafundi wawili wakageuka, wakingoja jibu.

Birane alitabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la mtu anayesalimia imamu. Akaja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Bi Diop. Una amani?"

"Amani tu," nikasema.

"Nyumbani wana amani?"

"Amani tu."

Akamuulizia kaka yangu mkubwa kwa jina. Akamuulizia wa pili. Akawaulizia wake zao, akamuulizia Mama Yacine na watoto, akauliza kama maji yamekauka. Hakumruka mtu. Nikajibu amani tu, amani tu, alhamdulillahi.

"Ulinisaidia sana," akasema. "Mungu akulipe. Nakushukuru kwa moyo wangu wote." Na alimaanisha, niliona macho yake. Hakuwa na kinyongo hata chembe. Akainamisha kichwa kidogo, akamuaga Mzee Sarr, akatoka.

Mzee Sarr akabaki anautazama mlango, kisha ananitazama mimi.

"Vipi, Khoudia? Mmegombana?"

"Hapana," nikasema. "Amenishukuru."